Vigae vya Wayunani

Mimi ni mwoga, na sioni haya kusema. Wakati wa Wadachi hapa Rumonge mwoga alizeeka. Jasiri alilazwa kifudifudi akapigwa viboko hamsa ishirini. Ndiyo maana mpaka leo najiuliza ule ujuvi niliupata wapi.

Nilikuwa mwalimu msaidizi wa shule ya serikali, chumba kimoja cha udongo, wanafunzi kumi na wawili. Mdachi mkubwa wa shule, aliyekaa Usumbura, aliniachia kitabu chenye picha, akasema akirudi atawauliza habari za Wayunani wa kale. Nikawaambia wanafunzi kila mmoja atafute huku kwetu jambo linalofanana na la Wayunani. Mmoja alileta mawese ya kule Kigwena, maana wale nao waliishi kwa mafuta, ila yao ya zeituni. Mwingine alimwendea mzee wetu wa dawa, ambaye tiba yake yenyewe huitwa ya Kiyunani, akarudi na maneno ya joto na baridi ya mwili. Nilifurahi nao sana, sikufichi. Kisha yule niliyempenda kuliko wote, mtoto wa jumbe, akauliza, "Mwalimu, na mtu mkubwa akizidi ukali, Wayunani walimufanya nini?"

Ningesema sijui, yangeisha. Nikaeleza kwamba katika mji wao mmoja watu waliandika kwenye kigae cha chungu jina la mtu waliyemhofia, na aliyetajwa na wengi aliondolewa mjini kwa miaka kumi. Tena nikawagawia vigae, waandike kwa herufi za Kiarabu walizojifunza chuo cha Kurani. Nilidhani wataandikana wenyewe kwa wenyewe, tucheke.

Nyumbani nikavihesabu: kumi na kimoja. Sita vilikuwa na jina la jumbe, mtu wa Wadachi, aliyewakamata baba zao wakabebe mizigo ya serikali. Cha kumi na mbili hakikuwepo. Kwetu hapa nani asiyejua maana ya kigae chenye jina la mtu? Anayetaka kukuangamiza huliandika jina lako, akakifukia unapopita. Na mimi, mzaliwa wa hapa hapa, nililisahau hilo kwa kitabu cha Mdachi! Nikavisukuma vigae chini ya kitanda. Siku mbili sikumeza chakula.

Siku ya tatu asubuhi askari akaja kuniita. Jumbe alikuwa ameketi barazani kwake, kigae chenye jina lake kiko juu ya mkeka.

"Hii iko nini, mwalimu? Imeokotwa mulangoni pangu."

Niliutambua mwandiko kabla sijakaa. Ulikuwa wa mwanawe. Nikamwaga habari za Wayunani zote, mafuta, dawa, vigae, bila kupumua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Niliona minyororo, niliona njia ya Usumbura.

"Walioniandika iko wangapi?"

Nikawawaza wale watoto sita na migongo yao, na wangu kwanza, nisiseme uongo. "Ni huyu mmoja tu, jumbe. Wengine waliandikana wenyewe."

Akakiokota kigae, akakipitisha kidole taratibu. "Mwandiko huu ninaujua," akasema. "Herufi ya alifu nilimufundisha mimi."

Hapo ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Ningesema wako saba, mwanawe angekuwa mmoja wa saba. Nilifungua mdomo nirekebishe, hofu ikaufunga. Jumbe akaniambia nirudi shuleni, na mimi nikarudi, tena mbio.

Baada ya swala ya Ijumaa mtoto alipelekwa pwani ya ziwa avushwe kwenda Ubwari kwa wajomba zake, upande wa Wabelgiji. Nilikwenda, nikasimama mbali kidogo, penye wanawake wanaoanika visamaki vya ndagala, jumbe asinione. Mtoto aliniona. Akaja na mkeka wake kwapani, akanipa mkono kwa adabu kama darasani. Hakujua nilichosema barazani kwa baba yake. Vile vigae sita vilikuwa bado chini ya kitanda changu.

"Mwalimu," akauliza, "ni miaka kumi?"

Safari hii nilisema sijui.