Kilomita Mia na Ishirini za Gaston

Mume wangu Gaston ni fundi wa baiskeli ambaye hajui kuendesha baiskeli. Nalisema mapema ili usije ukamwonea huruma bure. Nimeishi naye miaka kumi na sita, nimemzalia mtoto mmoja, Carmel, na siri hiyo nimeitunza mimi peke yangu. Hata mchungaji alikuwa haijui.

Usishangae. Kwetu, kusini mwa Kongo, kijana akitaka kula anachoma makala, yaani makaa, anafunga magunia manne juu ya baiskeli, halafu anaisukuma mpaka mjini. Anaisukuma, nasema. Atapanda wapi, na magunia yamefika juu ya usukani? Gaston alifanya kazi hiyo miaka sita, kilomita mia na ishirini kila safari, siku tatu njiani. Pedali na mnyororo wa baiskeli yake aliviuza mwaka wa kwanza, maana havikuwa na kazi. Kurudi alipakia unga na chumvi, akasukuma tena. Kwa hiyo anajua tairi, anajua breki, anasikia spoku moja iliyolegea kwa sikio tu, ila kuketi juu ya kile kiti, hapana, hakuwahi.

Hapa Johannesburg alikuwa analinda geti la jengo moja la Doornfontein, mwaka wa kumi na moja. Kusimama saa kumi na mbili, kufungua, kufunga, kutukanwa na wanafunzi waliosahau kadi zao. Anarudi kwetu Hillbrow miguu imevimba, anaitumbukiza kwenye beseni, na mimi nikitoka saluni nakuta maji yamepoa na yeye kalala hapo hapo kwenye kiti. Gaston alitaka kitu kimoja tu: kuachana na lile geti kabla halijamzika.

Ndipo akaja Lorraine. Huyu ni Mkenya aliyeacha kazi nzuri ya benki ili awapeleke watu wenye pesa zao kuendesha baiskeli kwenye bonde la mizabibu kule upande wa Cape, kupitia vijiji vya zamani na njia za kando ya mifereji, wakionja mvinyo shamba kwa shamba. Watu wanalipia kuchoka. Niliposikia nilidhani nataniwa. Baiskeli zake alikuwa anaziweka stoo kwenye jengo hilo la Doornfontein, na siku moja Gaston alimzibia pancha pale getini kabla hajamaliza kuongea na simu. Wakaanza kupiga stori, Lorraine na Kiswahili chake cha Nairobi, Gaston na chetu, na Gaston akamsimulia habari za kilomita mia na ishirini. Alitaja umbali, akataja kilo mia mbili za mzigo, akataja siku tatu. Kuhusu pedali alinyamaza. Lorraine alikulia mahali ambapo mwenye baiskeli anaipanda, hakuona sababu ya kuuliza.

Akampa kazi ya majaribio: safari moja ya siku tatu, fundi anayeendesha nyuma ya wageni. Mambo yakienda vizuri, anaajiriwa na kuliaga geti.

Nilipomuuliza ataendesha nini, alinijibu kwamba bado kuna siku nane. Nilimwita mjinga, nikamwita na majina mengine ambayo Carmel, anayejifanya Kiswahili hakijui, aliyaelewa yote. Lakini bwana mkubwa alikuwa amekwisha kutangaza kanisani. Jumapili mchungaji alimwita mbele, kanisa zima likamnyooshea mikono na kumwombea ndugu yetu bingwa wa baiskeli, anayekwenda kuinua jina la Bwana mbele ya matajiri. Bingwa akafumba macho, akaitikia amina. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Baada ya ibada hiyo hiyo tukaenda Newtown, kwenye uwanja uliosakafiwa, kumfundisha. Mimi nimevaa kitenge cha kanisani na kilemba, nimeshika kiti kwa nyuma, nakimbia. Mwanamume wa miaka arobaini na mitatu ananilalamikia nisimwachie. Carmel alikuwa kaketi pembeni anaturekodi kwa simu, nikamwambia akiituma popote nitamnyoa kipara. Gaston alianguka mara saba. Mara ya nane alikwenda hatua thelathini hivi, nikaanza kumshukuru Mungu, kumbe kugeuka hajui, akaingia moja kwa moja kwenye meza ya muuza miwani. Kufikia Jumanne alikuwa anaweza kwenda mbele tu, chini pakiwa tambarare, na asiwepo mtu.

Jumatano alfajiri wakaondoka Newtown na kombi yenye trela. Yaliyofuata nimeyapata kwa Gaston na kwa Lorraine, na hayapishani sana.

Siku ya kwanza Gaston alisukuma. Wakati wageni sita wanapanda baiskeli zao, yeye aliinama kukagua tairi, akamwambia Lorraine watangulie, fundi hukaa nyuma kabisa ili asimwache mtu aliyeharibikiwa. Walipopotea kwenye kona, akainuka, akaanza kukimbia kando ya mfereji huku baiskeli yake kaishika mkononi. Kilomita ishirini na nane. Kila shamba alifika wakati wenzake wanafuta midomo. Walidhani anakwepa meza za mvinyo kwa sababu ya wokovu, wakamheshimu sana.

Vijiji vyenyewe havikumbabaisha. Aliniambia nyumba zimepakwa chokaa na kuezekwa nyasi, kama zile alizozikimbia kwao, ila hizi zina mtu mlangoni anayekata tiketi. Kilichomuuma ni mvinyo. Watu wanaendesha baiskeli juani asubuhi nzima, wanapewa glasi, wanausukutua mdomoni, kisha wanautema kwenye ndoo. Nilimwambia afadhali wao, yeye alikimbia umbali wote huo na hakupata hata cha kutema.

Siku ya pili hawakutema. Shamba la tatu lilikuwa na mwenyeji mkarimu kupita kiasi, na saa tisa alasiri, walipokuwa wanarudi kando ya mfereji, daktari mmoja wa meno, mtu mnene mwenye sauti nzuri, aliingia majini na baiskeli yake katikati ya wimbo. Maji yalimfika kiunoni tu, lakini kifundo cha mguu kiliteguka vibaya. Njia ile ni nyembamba, mfereji huku, mizabibu huku, gari haliingii, na simu hazikuwa na mtandao. Kombi na dereva wake walikuwa kijijini, kilomita tisa mbele. Lorraine angeenda mwenyewe, ila angemwachia nani wageni watano wanaopepesuka ukingoni mwa maji?

Ndipo Gaston akatokea kwenye kona, anakimbia na baiskeli yake mkononi, jasho linamtiririka. Lorraine alidhani amepata pancha. Akamwambia achukue baiskeli yake yeye, nzima, apande aende mbio kijijini, amlete dereva na watu wa kumbeba mgonjwa.

Gaston aliitazama njia. Ilikuwa kona tupu. Angeweza kudanganya mara moja zaidi, angepata la kusema, maana kwa maneno hashindwi. Lakini daktari alikuwa chini anatetemeka, mguu umegeuka rangi.

"Dada Lorraine, mimi sijui kuendesha," akasema.

Lorraine hakuelewa. Akamuuliza zile kilomita mia na ishirini alikwendaje.

"Kwa miguu. Baiskeli ilibeba, mimi nikasukuma. Huyu mzee nitamfikisha kabla hujarudi na watu wa kumbeba."

Hakungoja ruhusa. Aling'oa miti miwili iliyoegemeza mizabibu. Mmoja aliufunga kwenye usukani kwa mpira wa tairi, ukatokeza pembeni ili aushike akitembea. Wa pili akausimamisha nyuma ya kiti, wa kusukumia. Akafungua pedali kwa spana, akazitia mfukoni. Halafu wakampandisha daktari, kilo zake mia na kitu, mguu mbovu ukafungwa kwenye bomba la baiskeli kwa skafu ya mtu, na Gaston akaanza kutembea. Kilomita tisa, maji hatua moja kutoka kwenye tairi. Wageni walifuata nyuma wakisukuma baiskeli zao, pombe inawatoka taratibu. Karibu na kijiji daktari alisinzia, akakoroma.

Lorraine hakusema kama kazi ipo au haipo. Si siku ile, si kesho yake, si barabarani wakirudi. Walipofika Newtown alishusha wageni, akasema asante, akaondoka zake. Gaston alifika nyumbani, akanieleza yote bila kujipamba, kisha akatoa sare ya ulinzi kabatini na kuipiga pasi mwenyewe. Carmel, aliyekuwa hajamsemesha baba yake kwa Kiswahili karibu mwaka mzima, alimwambia, "Pole, Papa." Iliniuma. Afadhali Gaston angegombana nami, angevunja hata sahani.

Alhamisi Lorraine akaja saluni. Nilikuwa na mteja, nusu ya kichwa nimeisuka, nusu bado. Hasira ilikuwa haijamtoka. Alisema Gaston amemwambia kila kitu, mpaka habari za muuza miwani, na kwamba hawezi kumwajiri mtu aliyemdanganya wakati anabeba dhamana ya watu. Lakini alitaka kusikia kwangu. Mimi nilikuwa najua, mimi ndiye niliyeshika kiti. Kwa nini nilimwacha aende?

Ningeweza kuomba radhi, na labda ilinipasa. Badala yake nikamwambia kitu ambacho kanisani sijawahi kukitolea ushuhuda. Mwaka tuliotoka Kongo nilikuwa na mimba ya Carmel, na malaria imenilaza, siwezi hata kusimama. Gari hakuna. Gaston alimwaga makala yake kando ya barabara, mali yake yote, akanipandisha juu ya ile baiskeli isiyo na pedali, akanifunga kwa kitenge nisidondoke.

"Nilimwacha aende kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuwa mzigo wake," nikasema. "Siku mbili mpaka mpakani, mashimo na matope. Hakuniangusha."

Lorraine akakaa kwenye benchi la wateja. Kisha akainuka, akachukua mkoba wake.

"Mwambie safari ni Jumatatu saa moja asubuhi, Newtown," akasema. "Na aje na ile miti miwili."

Alipotoka nilirudi kwenye kusuka. Mteja mpaka leo analalamika kwamba upande mmoja mistari ilikwenda wima na upande mwingine imepinda. Nilikuwa nalia, ningeiona wapi.