Studio yangu imekuwa chumba cha mama mkwe

Admin, jina langu libaki kwako tu, maana humu ndani ya ukurasa nina wakwe wanaosoma kila kitu.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Bukavu, naishi na mke wangu Rosettenville hapa Johannesburg. Kazi yangu ni ulinzi, nafungua na kufunga geti la watu. Lakini moyo wangu uko kwenye kurekodi muziki, na kwa mshahara wa getini studio ya maana ningeishia kuitazama kwenye simu.

Basi nikajitengenezea ya kwangu, kidogo kidogo, kwenye chumba chetu cha pili. Kwanza nilibandika trei za mayai ukutani kama nilivyoona wengine wakifanya. Kazi bure, teksi ikipiga honi pale kwenye robot, zile taa za barabarani, unaisikia kama iko chumbani. Ndipo nikaanza kuokota. Mpangaji akihama namwomba godoro lake kuukuu, nachana sponji. Nikanunua mablanketi mazito ya mtumba, nikayatundika ukuta mzima na mlangoni. Maikrofoni nilipata iliyotumika, mbele yake nikavuta soksi ndefu ya mke wangu kwenye henga ya nguo ili pumzi ya mwimbaji isivume. Alinicheka sana kwa hiyo soksi. Lakini kwaya ya kanisa letu ilipokuja kurekodi wimbo wa kwanza, tukausikiliza wote, alilia. Hata mimi nililia, sioni aibu kusema.

Vita vilipozidi nyumbani Bukavu, mama mkwe akaletwa kwetu. Nikatoa kompyuta na maikrofoni, nikampa kile chumba. Siku ya kwanza alilala mpaka mchana. Mke wangu akanijia sebuleni, akasema, "Mama amelala. Unajua ni lini mara ya mwisho alilala?" Huko alikotoka hata mlango ukijigonga alikuwa anaingia chini ya kitanda.

Sasa, kwetu mwanaume haingii chumba anacholala mama mkwe. Hata kitanda chake sitakiwi kukiona. Nikisalimiana naye naangalia pembeni, na jambo zito linapitia kwa mke wangu. Wala msiniambie tumpe chumba chetu, mama hawezi kulalia kitanda cha binti yake na mumewe.

Nikajaribu kurekodi sebuleni. Honi, sufuria za jirani, vyote vimo kwenye wimbo. Kiongozi wa kwaya akasikiliza, akaniambia kwa upole kwamba wameanza kuulizia studio nyingine huko Kensington. Wakiondoka hao, mimi nimebaki na geti mpaka uzee.

Nikamsihi mke wangu amwombe mama, angalau Jumamosi mchana akae sebuleni, kwaya waingie, mimi nitavuta waya niendeshee nje bila kukanyaga mle. Mke wangu akainamisha kichwa.

"Aliniuliza nani ametundika haya mablanketi. Nikamwambia wewe, kwa ajili yake. Niliona aibu kumwambia analala kwenye kazi ya mtu."

Eish.

Jumapili iliyofuata mama akasimama kanisani kutoa ushuhuda. Akasema, "Mkwe wangu alinitengenezea chumba kabla sijafika, chumba ambacho hata mlio wa bunduki hauwezi kunifikia. Watoto niliowazaa mwenyewe hawajanifanyia hivyo." Kwaya nzima, watu walioimba mlemle, wakageuka kuniangalia. Halafu wakapiga vigelegele. Na mimi nikapiga makofi, ningefanyaje?

Jana amemtuma mke wangu kuniuliza kama kuna blanketi lingine, eti dirishani honi bado inapenya kidogo. Lilikuwa limebaki moja, ambalo huwa najifunika mimi na maikrofoni nikijaribu pale sebuleni. Nimelitoa.

Ndugu zangu, simchukii huyu mama, kanisani aliniombea mpaka nikashindwa kuinua uso. Lakini studio yangu inakufa naiona. Mlio na wakwe, nisaidieni mawazo. Naanzia wapi kumwomba huyu mama aniachie chumba? Na nisipomwomba, haya maisha yangu nayapeleka wapi?