Sikumpigia Wajina Wangu

Mjukuu wangu wa kwanza ana jina langu. Kwetu ndivyo ilivyo: binti wa kwanza wa mwanao wa kiume hubeba jina lako. Mimi humwita wajina, naye huniita cucu, yaani nyanya. Nilimlea tangu aachishwe ziwa. Kwa hivyo aliposema anataka kiti cha mwakilishi wa wadi yetu hapa Giakanja, niliona ni kama mimi ninayekitaka. Mimi niliyetolewa darasa la pili nikachunge mbuzi, jina langu lichapishwe kwa karatasi ya kura! Nilienda sokoni kichwa juu, hata siku ambazo sikuwa na cha kununua.

Lakini kabla ya kura yenyewe kuna mchujo, chama kinapochagua nani atabeba bendera yake. Miezi mingi kabla ya siku hiyo, wajina alinipigia simu.

"Cucu, kwa mchujo wanakubali tu waliojiandikisha katika chama chetu. Kuna namba unabonyeza kwa simu, inakuambia uko chama gani. Mwambie jirani akuangalilie."

"Wee! Mimi nilianza kupiga kura kabla baba yako hajaota meno. Niko na kitambulisho. Niangaliwe nini?"

Akacheka. "Haya, cucu, umeshinda."

Sikuangalia. Kumwomba jirani anisomee simu ni kama kumwomba anivue nguo. Tangu mzee wangu azikwe na watoto watawanyike, nimezoea kuishi bila mtu wa kujua nisichokijua.

Siku ya mchujo nilikama ng'ombe mapema, nikavaa koti la kanisani, nikaenda shule ya msingi. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya majani chai, na laini ya wapiga kura ilikuwa imefika getini. Karani alikuwa mwalimu mmoja aliyetoka upande wa magharibi, mtu mwenye adabu.

"Karibu, shosho. Lete kitambulisho."

Akapitisha rula kwenye orodha. Akarudia. Akabonyeza simu, akaniangalia kama daktari mwenye habari mbaya.

"Shosho, jina lako haliko kwa orodha yetu. Umeandikwa katika chama cha wale wengine."

"Wale gani?"

"Wale wanaoshindana na sisi."

Mama mmoja nyuma yangu, tunayeimba naye kwaya, akapiga makofi. "Ai! Ati hata cucu yake si wa chama chake? Na sisi tunaambiwa tumpigie!"

Laini ikacheka. Kicheko kikaenda mpaka getini bila mimi.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Kabla ya uchaguzi uliopita, watu walikuja sokoni na leso. Ukitoa kitambulisho waandike namba, utie kidole, unapewa moja. Nilidhani wanaandika aliyepata, asije akarudi kuchukua ya pili. Leso yenyewe niliirarua zamani, nikawa napangusia kiwele cha ng'ombe.

"Nitoe huko," nikamwambia karani.

"Huandikwa barua, shosho, na siku zake zilipita. Daftari limefungwa."

"Lakini jina hili ni langu!" Nikaweka kidole juu ya karatasi ya kura.

Akaivuta polepole. "Naona, shosho. Lakini siwezi."

Wajina alikuwa nje ya geti, anasalimia watu. "Umepiga, cucu?"

Nikaficha mkono ndani ya koti, mkono usio na wino. "Nimepiga."

Alishindwa, na alishindwa vibaya. Kura yangu isingemwokoa. Jioni alikuja kwangu, akakaa jikoni, sahani ya mukimo ikapoa mbele yake.

"Watu wamenidanganya, cucu. Walikula kwangu wakapiga kule. Lakini kura yako najua iko."

Ningeweza kuchochea moto nikanyamaza. Lakini nilijua Jumapili haitafika kabla mama wa kwaya hajamwambia. Nikasema, "Haiko." Nikamweleza yote, leso na laini na kicheko.

Akaisukuma sahani kando. "Leso naelewa. Wengi waliandikwa hivyo. Lakini pale getini nilikuuliza, cucu. Mimi ndiye nilikuuliza."

Akachukua mkoba wake, akarudi Sagana anakofanya kazi. Tangu hapo nikimpigia, simu inalia mpaka ichoke.

Wiki iliyopita nilienda Nyeri mjini, kwa msichana anayeandikia watu barua kwa kompyuta. Nikamwekea wazi: mimi sijui haya mambo, nionyeshe. Mara ya kwanza kumwambia mtu hivyo. Akaandika ya kujiondoa katika chama kile, nikatia sahihi yangu, herufi moja moja. Kisha nikaipeleka mwenyewe kwenye ofisi ya wale wa leso.

Kijana wa pale akaigeuza barua huku na huku. "Shosho, mchujo si uliisha? Haraka ya nini sasa?"

"Piga mhuri," nikamwambia. "Na unipe nakala. Kuna mtu nataka kumpelekea Sagana, kama atanifungulia mlango."