Aliyeondoka na Ulimi wa Mume Wangu

Asiyetaka kuamini aje Kasulu ale pilau ya mume wangu, halafu aniambie mimi mwongo. Nasema yaliyonikuta mwenyewe, mchana kweupe, na hasira yake mpaka leo haijaniisha.

Mume wangu, baba Zuhura, ni mtu wa Tanga. Mgahawa wetu hapa ulikuwa unajaa kwa sababu ya ulimi wake. Anachovya kijiko, anaonja, anafumba jicho la kushoto: "Imekosa iliki." Anaongeza kidogo, basi, watu wanajilamba vidole. Ulimi ule ndio uliokuwa unasomesha watoto wetu.

Kiangazi cha 2013 tulishuka ziwani kwa pikapu kununua samaki, migebuka. Tukavuka mto Malagarasi kwa kivuko pale Ilagala, tukashika njia ya mchanga inayofuata ufuo wa Tanganyika kwenda Sunuka. Nyumba hakuna, mtu hakuna, jua linachoma. Mara mbele yetu, mama mmoja ameketi kando ya njia na kibuyu cha togwa. Akatupungia, baba Zuhura akasimamisha gari.

"Mwakeye, mama," nikamwamkia. Akaitikia kwa kichwa, akamimina kwenye kata, akamnyooshea mume wangu.

Sasa sikiliza. Sisi Waha, anayekupa kinywaji anaonja kwanza yeye, ndipo ujue hakuna sumu. Mtoto mdogo analijua hilo. Nikamwambia, "Mama, onja kwanza." Akainamisha uso. Midomo yake ilikuwa imekauka mpaka imepasuka, na togwa anayo mkononi! Jamani, hiyo haikutosha kumshtua mtu?

Mume wangu akanijia juu. "Mama Zuhura, acha kumdhalilisha mwenzio! Kwetu mgeni hapewi makombo." Akainywa yote kwa pumzi moja.

Yule mama akalamba midomo, akasema, "Asante." Mtoaji ndiye anashukuru! Kisha akainuka, akaingia ziwani na kanga zake, taratibu, mpaka maji yakamfunika kichwa. Maji yenyewe hayakutikisika hata kidogo. Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka.

Sunuka tukachomewa mgebuka. Baba Zuhura akatia chumvi, akaongeza, akaongeza tena. "Mbona kama natafuna karatasi?" Wavuvi wakatazamana. Mmoja akauliza, "Mmekunywa togwa ya yule mama?" Kumbe wanamjua! Wanamjua, na hakuna hata mmoja aliyetusubiri pale kivukoni atuonye! Niliwatukana siku ile, na wala sijutii.

Tumezunguka hospitali, tumeombewa, wapi! Pilau anayoikoleza mwenyewe ni chumvi tupu, wateja wamehama. Siku hizi mimi ndiye ninayeonja, na ulimi wangu si wake. Anasimama juu ya sufuria, kijiko kinywani, machozi yanamtoka. Mpishi mzima!

Halafu mwaka 2015 mama mmoja muuza dagaa akaja kunisimulia kwamba kwenye njia ile amekutana na mwanamke mkarimu. "Kanipa togwa, nikakataa, nilikuwa nimeshiba. Lakini ana adabu huyo, alionja kwanza. Akafumba jicho la kushoto, akasema imekosa iliki."

Haya, niambie, anaonjea ulimi wa nani? Wewe unayepita kule, usidanganyike kwa kuwa ameonja. Usinywe. Na ukimwona, mwambie mwenye ulimi yuko Kasulu, bado ana watoto wa kusomesha.