Yangeyange wa Nyuma ya Soko

Nyuma ya soko la Korogwe kulinuka dagaa na kinyesi cha ndege, harufu ya kukaba koo, na hiyo ndiyo sababu niliyojipa ya kubaki nyumbani. Msimu ule wa masika, nikiwa darasa la sita, mwalimu wetu wa sayansi alitugawia mji wote tuhesabu ndege kwa kujitolea, kila mtoto na eneo lake, Jumamosi alfajiri. Mimi nilipewa mkuyu wa nyuma ya soko, walikojenga viota yangeyange, wale ndege weupe wafuatao ng'ombe. Kukanyesha mvua kidogo, nami ni mtu ambaye hata dukani nilienda kwa kusukumwa. Nikakaa jikoni kwa bibi, nikala muhogo wa kuchemsha, nikajaza fomu: hakuna. Kubuni idadi niliogopa. Kuandika hakuna niliona ni uongo mdogo, tena wenye adabu.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia Jumatatu. Wauza nguo wa chini ya mkuyu, waliochoka kufua mali kabla ya kuiuza, walitaka mti ukatwe, na mtendaji wa kata alikuwa amesema utaachwa iwapo tu una makinda. "Fomu yako nimempelekea asubuhi," mwalimu aliniambia. "Wanakata leo." Nilikimbia, mimi niliyekuwa nikichoka kwa kupanga mstari. Nilipofika, tawi moja lilikuwa chini tayari na msumeno wa mashine ulikuwa ukinguruma kwenye la pili, mtendaji akisimamia. Nikamwendea.

"Shikamoo mzee. Ile fomu ni ya uongo. Sikuja."

"Marahaba. Ulikuwa wapi?"

"Jikoni."

Wauza nguo wakaangua kicheko. Mtendaji hakucheka. Aliinua mkono, msumeno ukanyamaza. "Haya, hesabu sasa. Kwa sauti, wote wasikie." Nikaanza, shingo ikiuma, kinyesi kikinidondokea shavuni. "Mwanangu, hata ndege wenyewe wamekuchoka!" mama mmoja akanitania. Kila nilipokosea walinirudisha mwanzo. Nilipofikisha viota thelathini na kimoja, mtendaji akauliza, "Na wa chini?" Nikaligeukia lile tawi. Makinda wanne, bado wana joto. Nikanyoosha vidole vinne.

Mti uliachwa. Siku hizi, hapa Handeni ninapoishi, wanaojitolea hupiga picha kwa simu na idadi hujijumlisha yenyewe. Mimi ni yuleyule wa nyumbani, majirani husema nimeota mizizi kibarazani, ila siku ya kuhesabu huwa natangulia kufika. Vijana hunicheka ninavyoinama kukagua chini ya kila mti kabla ya kutazama juu.