Mkono wa Kushoto wa Mama Nella

Mama Nella ana miaka hamsini na minne, magoti yanayolalamika akipanda ngazi, na mkanda wa njano wa karate. Mimi si mtu wa kushangaa ovyo, lakini huyu mama amenishinda.

Jina lake ni Concilie. Ni Mrundi, alikaa miaka kumi na minne katika kambi ya wakimbizi Tanzania kabla ya kuletwa Sydney, na sasa anahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, vituo vitatu vya treni kutoka kwetu Toongabbie. Anawapenda wazee wake kuliko wanavyopendwa na watoto wao wa kuzaa. Mimi ni Frida, jirani yake, Mtanzania, mwenye gari na mdomo.

Mwaka jana, jioni moja ya baridi, mwanamume alimkamata kifundo cha mkono kwenye ngazi za stesheni akampora mkoba. Hakuumia. Nilimpa pole, nikapika chai, nikadhani yamekwisha. Kumbe! Tangu siku ile hakuweza tena kutembea peke yake kwenda stesheni, na kazi yake inaanza alfajiri. Ikabidi nimpeleke kazini kila siku, na sitadanganya, nilinung'unika sana. Mwaka huu ulipoanza, ofisini waliniambia kwamba mwezi wa nane nahamishiwa Minto, upande mwingine kabisa wa jiji. Kwa hiyo mwezi wa nane ama Mama Nella angetembea peke yake, ama angewaaga wazee wake.

Nilipompa habari hiyo, tukiwa garini, ndipo aliponiambia ukweli.

"Frida, inayoniuma haiko ile sac," alisema, akimaanisha mkoba. "Yule mtu alinikamata huu mkono, na huu mwingine ukaenda wenyewe, ukashika kiwiko. Kama namusalimia mukubwa! Nimemupa sac yangu na heshima juu yake."

Kwao, unapompa mkono mtu unayemheshimu, mkono wa kushoto unashika kiwiko cha kulia. Mtoto anafundishwa hivyo kabla hajajua kufunga viatu. Mimi nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumamosi iliyofuata nikamburuta kwenye karate, katika ukumbi ulio nyuma ya kanisa. Mwalimu ni Elkana, Mkenya anayepakua makontena kwenye maghala ya Wetherill Park siku za kazi. Jumamosi anavua viatu, anavaa ile suti nyeupe, na hata sauti yake inapungua. Mimi niliacha wiki ya tatu. Nilisema ni mgongo, kumbe ni uvivu. Nikabaki kwenye benchi na chupa yangu ya chai, nikimtazama jirani yangu akipiga ngumi moja ile ile hewani mara mia, halafu mara mia nyingine, bila mtu kumsifu na bila yeye kungoja sifa. Hapo ndipo nilipoanza kuingiwa na kitu kama hofu, ile hofu ya kanisani. Nilikuwa nimeishi jirani na mtu huyu miaka sita bila kumjua.

Elkana hakumfundisha kupigana kwanza. Alimfundisha kusimama.

"Mama, simama kama mwenye nyumba," alimwambia.

Ilimchukua mwezi mzima. Kuinama kabla na baada ya zoezi alikujua tangu siku ya kwanza, tena akakupenda. "Hawa watu wako na adabu," aliniambia.

Shida ilikuwa zoezi la kujinasua. Mwenzake Kawira, nesi wa Kimeru, alikuwa anamkamata kifundo cha kulia, na papo hapo mkono wa kushoto unarukia kiwiko. Kila mara. Mama Nella aliukemea kwa Kirundi. Akaukalia wakati wa mapumziko kana kwamba unaadhibiwa. Jumamosi moja akauchomeka ndani ya mkanda ili usitoke, na Elkana akaona.

"Mama, huo mkono umekosa nini?"

Ikabidi aeleze mbele ya darasa zima, macho chini: stesheni, kiwiko, heshima. Nilitamani sakafu inimeze kwa niaba yake. Elkana alikitazama kile kiwiko kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Kawira, mshike tena. Kaza kabisa. Mama, acha mkono wako uende unapotaka."

Ukaenda kwenye kiwiko.

"Usiutoe. Sasa piga hatua, usukume hicho kiwiko mbele, kwa Kawira. Kifundo chako kitokee upande wa kidole gumba chake."

Mama Nella akasukuma. Vidole vya Kawira vikafunguka. Wakarudia mara kumi, na mara kumi vikafunguka. Elkana alirudi nyuma hatua moja akamwinamia, chini kuliko nilivyowahi kumwona akimwinamia mtu. Nilisisimka mwili mzima.

Mwezi wa saba akapata mkanda wa njano. Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa nane alinikataza kabisa kumpeleka. Nikajificha kwenye gari karibu na stesheni, giza halijaisha, chai mapajani.

Akaja peke yake, mwendo wa kawaida. Alipofika chini ya zile ngazi, penye taa, mwanamume mrefu aliyejifunika kofia ya koti alitokea nyuma yake mbio, anaita, mkono mbele. Nikashika mlango wa gari.

Mama Nella aligeuka. Miguu ikakaa kama ya mwenye nyumba, mikono ikawa tayari, na macho yake, ambayo kwa wakubwa huwa chini, yakamtazama yule mtu usoni. Mtu akasimama palepale. Kiganjani alikuwa na kadi ya treni ya Mama Nella, iliyodondoka njiani.

Mama Nella aliitazama ile kadi. Kisha akanyoosha mkono wa kulia kuipokea, na wa kushoto, taratibu, yeye mwenyewe akauweka kwenye kiwiko. Yule mgeni hakujua amepewa nini, lakini aliinamisha kichwa kidogo.

Mama Nella alipanda ngazi zote bila kugeuka. Mimi nililia mpaka treni ikaondoka, na Minto nikachelewa siku yangu ya kwanza.