Mapumziko Nje ya Ukuta

Kiwanda cha korosho nilichobangulia pale Kibiti kilipokuwa cha serikali, kengele ya mchana ikilia tulitoka nje, tukaswali, tukala, tukacheka. Enzi za ruksa, viwanda vilipouzwa kwa watu binafsi, akaja tajiri mpya, na mlango ukaanza kufungwa mchana. Mapumziko yakawa kukaa palepale kwenye viti vyetu, mikono imenata mafuta ya maganda yanayounguza ngozi, msimamizi akipita nyuma yetu kuangalia nani anaficha korosho kwenye upindo wa khanga.

Siku moja akaja dada msomi kutoka Dar es Salaam. Akatueleza kwamba anapima namna wafanyakazi wanavyojisikia moyoni wakati wa mapumziko. Tutaje namba: moja, hukupumzika kabisa; tano, umepumzika barabara.

"Tano," akasema mama wa kiti cha mbele.

"Tano," akadakia wa pili.

Msimamizi alisimama nyuma ya yule dada, mikono kiunoni, anatabasamu.

Zamu yangu ilipofika nikauliza, "Mapumziko yapi, dada?"

"Haya ya sasa, mama."

"Haya bado sijayaona."

"Wewe, taja namba!" msimamizi akafoka.

Nilikuwa na watoto wa kulisha, na baba yao alikuwa huko delta kwenye mikoko anakata boriti, hana uhakika wa kitu. Niliogopa. Lakini uchovu ulikuwa wangu. Hata huo nimwachie mtu mwingine ausemee? Nikabeba bakuli langu la muhogo, nikaenda mlangoni.

"Ukitoka, usirudi," akasema msimamizi.

"Nitarudi kengele ikilia. Sasa hivi nimo mapumzikoni."

Mlinzi wa mlango akasita. Ndipo bibi mmoja wa Ruaruke, jirani yangu wa kiti, akasimama na khanga yake ya kuswalia. "Mwanangu," akamwambia msimamizi, "nami natoka nikaswali. Utanizuia?"

Mlinzi akafungua. Wengine wakafuata, na mwisho yule dada naye akatoka, akakaa nasi mchangani kando ya ukuta. Akauliza upya.

"Mle ndani? Moja," akasema yuleyule mama wa mbele. "Kama kuna sifuri, niandikie sifuri."

Tulicheka mpaka mabasi ya Lindi yapitayo barabarani yakatupigia honi.

Kesho yake asubuhi nikazuiwa getini. Nikatandika khanga, nikakaa. Wenzangu walipoona hivyo hawakuingia. Wakakaa nami, msimamizi akibembeleza mmojammoja. Tajiri alipofika akakuta lori linasubiri korosho na hakuna mtu kitini.

"Waingie wote," akasema. "Na mchana wafungulieni."

Msimamizi hakunisamehe. Alinihamishia kwenye tanuri la kukaangia, kwenye moshi unaochoma macho. Nikaenda. Mchana ilipolia kengele sikumngoja aniruhusu. Nilitoka na masizi usoni, kichwa juu, nikakuta wenzangu wameshatandika mkeka, wananisogezea nafasi.